Kata Muhogo Kwanza

Mkulima wa muhogo wa Kisarawe anajua kwamba shamba linaweza kumficha mambo. Mti umesimama vizuri, majani ya juu ni mabichi, pengine ya chini tu ndiyo yameanza kupiga umanjano kando ya mishipa. Miezi inapita, anachimba, anakata, na ndani anakuta uozo mkavu wa rangi ya kahawia. Hauliki wala hauuziki. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Wataalamu waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutokana na mihogo ya Tanganyika hii hii, na ukanda wa Pwani haujapumzika nao. Inzi weupe wanaueneza, na sisi pia tunaueneza, kwa kupeana pingili za mbegu kutoka shamba ambalo kwa macho halina neno.

Tuseme maafisa ugani wawili wanapeleka habari hiyo hiyo katika vijiji viwili vya wilaya hiyo. Wa kwanza amebeba bango kitita na kalamu rashasha. Anaanza na itifaki, anasoma malengo ya mafunzo, anaeleza virusi, anahimiza matumizi ya mbegu bora, anawashukuru wadau. Watu wanapiga makofi, wanatia saini orodha ya mahudhurio na kuondoka. Wa pili anaomba kundi liende shambani, anaomba jembe na kisu. Wanachimba mti uliopendeza kuliko yote. Kisu anampa mwenye shamba akate mwenyewe, pande kwa pande, kuanzia kichwani hadi mkiani. Doa linatokea kwenye pande la tatu. Hapo maneno yanaanza yenyewe: huyu anasema mwaka juzi alitupa magunia mawili akidhani ni maji yamezidi, yule anauliza mbona jirani yake aliyepanda mbegu ya Kiroba hakupata hasara kubwa. Afisa hajatoa hotuba bado na nusu ya kazi imeshafanyika.

Wote wawili walikuwa na elimu sawa, na naamini wote walikuwa na nia njema. Tofauti ni kwamba wa pili alijiweka pale pale palipo na jambo, pamoja na wenye jambo. Nataka kulisema hilo kwa yeyote anayetoa mawazo kazini, awe mwalimu wa sekondari Kibaha, muuguzi wa hospitali ya Tumbi, mhasibu wa halmashauri, au kijana aliyeajiriwa jana katika viwanda vya Kwala. Watu hupokea wazo pale wanapomwona mtu aliyelibeba: ameona nini, amelitoa wapi, litamgharimu nini, na wapi hana uhakika. Ukiyaficha hayo ili uonekane mtaalamu, unabaki na karatasi nzuri isiyo na mwenyewe. Zifuatazo ni njia za kuyaonyesha.

Andika ulichokiona, ndipo upendekeze

Chukua dokezo la ofisini, maana ndiko mawazo mengi ya watumishi wetu yanakozikwa. Limefungwa kwenye jalada, lina namba ya kumbukumbu, linaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na kuishia na "Nawasilisha". Sina ugomvi na maneno hayo. Masjala inahitaji utaratibu wake, na mkuu wa idara anahitaji kujua mara moja anasoma nini. Shida iko katikati, pale tunapoandika hivi:

"Kumekuwepo na changamoto ya mahudhurio hafifu ya akina mama katika huduma za kliniki, hali inayopelekea malengo kutofikiwa kwa wakati. Inapendekezwa elimu na uhamasishaji kwa jamii uimarishwe."

Nani ameona? Wapi? Kliniki gani? Aya hiyo inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga zahanati, na mkurugenzi anayeisoma anajua. Sasa tulibuni dokezo lile lile likiwa na mtu ndani yake:

"Jumatano iliyopita nilikaa kwenye benchi la kliniki kuanzia saa mbili asubuhi. Hadi saa nne walikuwa wamefika akina mama sita, wote wa jirani. Wanaotoka vijiji vya mbali walianza kuingia saa tano, muuguzi akiwa anafunga daftari. Watatu waliniambia kijijini kwao kuna pikipiki moja, na asubuhi inapeleka walimu kwanza. Napendekeza kwa miezi miwili kliniki ya vijiji hivyo ianze saa tano hadi saa nane, tuone. Itabidi muuguzi mmoja abadilishiwe zamu. Sijazungumza bado na wale wasiofika kabisa, na huenda sababu zao ni nyingine."

Dokezo hili halina neno gumu hata moja, na bado lina uzito kuliko la kwanza. Mkurugenzi anaweza kulikubali, kulikataa au kulirekebisha, kwa sababu kuna kitu cha kushika. Angalia pia sentensi ya mwisho. Mwandishi amekiri mpaka wa anachokijua kabla hajaulizwa. Wengi wanaogopa kwamba kukiri hivyo kunawashusha. Mimi naona kinyume chake: mkubwa akishajua kwamba huwa unasema pale usipojua, atakuamini pale unaposema unajua.

Kwa hiyo kabla hujaandika "changamoto", nenda ukakae kwenye benchi. Kama kazi yako haina benchi, ina kaunta, ina foleni, ina daftari la malalamiko, ina dereva anayezunguka kila siku. Saa mbili za kukaa na kutazama zinatosha kukupa aya moja ambayo hakuna mwingine anayeweza kuiandika.

Itifaki isile wazo

Tanzania tuna neno zuri la kuokoa muda: "Itifaki imezingatiwa." Mzungumzaji anaheshimu wote waliopo bila kuwataja mmoja mmoja, na anaingia kwenye hoja. Litumie. Heshima yenyewe usiiache, hasa vijijini. Ukifika Maneromango au Mzenga na kuanza kufundisha kabla hujawaamkia wazee, utazungumza hadi jioni na hutasikika. "Shikamoo" kwa kila mzee, uso kwa uso, inakufungulia mlango kuliko dakika kumi za kutaja vyeo kwenye kipaza sauti.

Kisha utaulizwa swali, na ni vizuri ujiandae. Mzee mmoja atasubiri umalize, atajisafisha koo na kusema: "Mwanangu, nakushukuru. Na wewe shamba lako liko wapi?"

Kuna vijana wengi ambao swali hili limewamaliza, kwa sababu walijibu kwa kujitetea, wakataja shahada, wakataja idara. Mzee hakuuliza shahada. Anataka kujua kama mvua ikikosekana wewe nawe utalala njaa. Kama huna shamba, sema: "Mzee, sina shamba la muhogo. Haya nimeyapata kwa wakulima wa vijiji vingine na kwa watafiti wa Kibaha. Ninyi mnayajua mashamba yenu kuliko mimi, ndiyo maana naomba mnisahihishe." Halafu nyamaza kweli, usahihishwe. Kama unalo shamba, hata robo ekari, eleza lilivyokwenda, na hasara yako pia.

Kibaha kuna kituo cha utafiti wa kilimo, TARI, kinachojulikana zaidi kwa miwa, na pia kimefanya kazi kubwa ya mihogo. Mtafiti wa pale anayesema "mbegu hii inastahimili michirizi, lakini wapikaji wengine hawapendi ladha yake" anawafikia watu haraka kuliko anayesifu tu. Mkulima ataipika mbegu hiyo nyumbani kwake. Akikuta ladha si ile uliyomwahidi, na lile la ugonjwa atalitilia shaka.

Liite jambo kwa jina wanaloliita wenyewe

Mwaka 2018 Jokate Mwegelo aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Katika uongozi wake ilizaliwa kampeni ya elimu iliyoitwa Tokomeza Zero, na michango iliyokusanywa ikasaidia kujenga sekondari ya wasichana. Ingeweza kuitwa mkakati wa kuinua kiwango cha ufaulu, na ingesahaulika siku ile ile ya uzinduzi. "Zero" ndiyo inayotajwa na mzazi matokeo yakitoka, ndiyo inayomtoa machozi mtoto wa kidato cha nne. Kampeni ikalichukua neno hilo lilivyo, pamoja na aibu yake, na kila mtu akajua inazungumzia nani.

Fanya hivyo kwenye kikao chako. Kama mafundi wanaiita mashine "ile inayokohoa", iandike hivyo kwenye taarifa, kisha weka jina lake rasmi pembeni.

Somo la redio

Mtu akitaka kuona njia ya yule afisa wa pili ikitumika kwa ukubwa wa nchi nzima, aangalie kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Serikali ilitaka watu wachimbe vyoo, wasafishe mazingira, wajikinge na malaria, kichocho na kuhara. Ingeweza kutuma matangazo na kuishia hapo. Badala yake watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio pamoja, wakasomewa kijitabu, kisha wakaachiwa kujadili: hapa kwetu tatizo hili lipo? Linatokana na nini? Tufanye nini wiki hii? Walioshiriki walifikia takriban milioni mbili.

Kinachonivutia zaidi ni kiongozi wa kikundi. Hakutakiwa kuwa daktari. Alikuwa mtu wa pale pale, amepewa mafunzo mafupi, na kazi yake ilikuwa kuuliza, kusikiliza na kuhakikisha kwamba kikundi kinaondoka na jambo la kufanya. Uamuzi wa kuchimba choo ulitoka midomoni mwa wale watakaokichimba.

Kibaha yenyewe ina historia ya namna hiyo. Shirika la Elimu Kibaha lilianza miaka ya mwanzo ya 1960 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic, na mwaka 1970 likakabidhiwa Tanzania. Shule, huduma ya afya ya Tumbi na mafunzo ya wakulima viliwekwa mahali pamoja, kupambana na wale maadui watatu ambao Mwalimu Nyerere hakuchoka kuwataja: ujinga, maradhi na umaskini. Kuanzia 1975 vikaja Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano uliotoka Uswidi, na Kisarawe ikapata chake. Katika mazingira kama hayo mwalimu hawezi kujificha nyuma ya ubao kwa muda mrefu. Mwanafunzi wake ni mtu mzima, ana watoto, ana deni, na kesho yake atajaribu alichofundishwa kwa mikono yake mwenyewe.

Ukiendesha mafunzo leo, tenga nusu ya muda kwa majadiliano, na uilinde nusu hiyo. Tunaila sana. Mgeni rasmi amechelewa, slaidi ni nyingi, mwishoni mwenyekiti anasema "maswali mawili matatu tu, muda umetutupa mkono". Wale waliokuja na jambo kifuani wanarudi nalo nyumbani. Afadhali upunguze slaidi kutoka arobaini hadi nane.

Sema limetoka kwa nani, na sema lililoshindikana

Mawazo mengi mazuri ya ofisini yana mzazi asiyetajwa. Mhudumu alisema jambo wakati wa chai, ofisa akalipeleka kwenye kikao kwa jina lake. Ni wizi mdogo unaouma sana, na ofisi ikishauona mara mbili, watu wa chini hufunga midomo. Dawa yake ni sentensi moja: "Jambo hili nilielezwa na muuguzi wa zamu ya usiku, nikaona tulizungumze." Hupotezi kitu. Kesho atakuletea jingine.

Lakini kabla ya kumtaja mtu, muulize. Na ukitumia mkasa wa mtu kutetea hoja, uwe mwangalifu mara mbili. Katika kata ambayo watu wote wanajuana, kusema "mama mmoja mwenye mapacha aliyejifungulia njiani" ni sawa na kumtaja kwa jina na kumwonyesha kwa kidole. Ubinadamu wa kikao usinunuliwe kwa siri ya mgonjwa au aibu ya mwanafunzi. Badilisha mazingira, au omba ruhusa, au acha mkasa huo na utumie ulichokiona wewe.

Kuhusu kushindwa, tunao mfano mkubwa. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika tathmini akaeleza waziwazi yale ambayo nchi haikuyafikia na makosa yaliyofanyika. Alikuwa Rais, na Azimio lilikuwa kazi yake. Taarifa zetu za robo mwaka zina ujasiri mdogo mno ukilinganisha na huo. Kila shughuli "imefanyika kwa mafanikio makubwa", kisha chini kabisa "changamoto" tatu, na zote ni upungufu wa fedha. Weka katika taarifa yako aya moja inayosema: tulijaribu hivi, haikufaa, tunadhani ni kwa sababu hii. Mwenzako wa halmashauri ya jirani akiisoma, hatarudia kosa hilo kwa fedha za wananchi wale wale.

Kumpinga mkubwa

Hapa wengi wanaukimbia ukweli wao, na nawaelewa. Cheo kipo, ajira ni ngumu, na adabu zetu haziruhusu kumbishia mkubwa mbele za watu. Njia ipo. Mfuate ofisini kabla ya kikao: "Mkuu, naomba dakika tano. Kuna jambo kwenye lile pendekezo linanipa shida, nikaona nikueleze kabla ya kikao." Mara nyingi mambo yataishia hapo, kwa heri. Kama hayakuisha na jambo ni zito, kikaoni tenganisha hoja na mtu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuchangia. Sehemu ya kwanza ya hoja ya mkuu wa idara naiunga mkono. Kwenye sehemu ya pili nina wasiwasi, na naomba nieleze nilichokiona." Kisha eleza ulichokiona, kwa utulivu, ukae. Usirushe neno la kejeli, na usigeuke kutafuta macho ya wanaokuunga mkono.

Na wewe uliye mkubwa, jibu lako la kwanza kwa mtu wa chini aliyekupinga kwa adabu litaamua utaambiwa ukweli kwa miaka mingapi ijayo.

Simu na mashine

Grupu la WhatsApp la kazini limejaa "Imepokelewa, mkuu" na ujumbe uliosambazwa kutoka kusikojulikana. Ukituma habari, ongeza mstari wako mmoja: umeitoa wapi, umeihakiki au hujaihakiki, na unadhani inatuhusu vipi. Kama huna mstari huo, usitume.

Siku hizi pia kuna programu za akili mnemba zinazokuandikia andiko zima kwa dakika moja. Zinafaa kupanga mawazo na kusahihisha lugha. Haziwezi kukaa kwenye benchi la zahanati kwa niaba yako. Ukizitumia, andika kwanza kwa mkono wako mambo matatu: uliloliona, unalolipendekeza, na usilolijua. Hayo yabaki kwa maneno yako hadi mwisho, hata kama mashine inakuletea maneno yanayong'aa zaidi.

Rudi na majibu

Wananchi wa Pwani wamekwisha kuhojiwa mno. Wako karibu na Dar es Salaam, njia ni rahisi, kwa hiyo wanafunzi wa vyuo, watafiti na miradi hufika kila mara, hujaza madodoso na kuondoka. Anayerudi ni wa kukumbukwa. Ukishatoa wazo na likajaribiwa, omba liingie katika Yatokanayo ya kikao kijacho, ili usiweze kulikwepa hata ukitaka. Kijijini sheria imekupa jukwaa: mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuwepo. Omba dakika kumi. Eleza kilichotokea, hata kama ni kibaya, na uulize nani ameona vingine. Mfuate mtendaji wa kijiji wiki mbili kabla, umwombe akuweke kwenye ajenda yenyewe, kwa sababu ukisubiri Mengineyo, nusu ya akina mama watakuwa wameshaondoka kwenda kupika.